Gari la Wagonjwa Linapoondoka, Nani Amekaa Nyuma?
Mafunzo ya watoa huduma za dharura na mahitaji ya Jiji la Dar es Salaam

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Kati yao, 1,346,674 walikuwa Temeke na 982,328 Kinondoni. Jiji hili limekua kwa kuelekea nje. Kusini limefika Chamazi, Mbande na Toangoma. Kaskazini limefika Wazo, Bunju na Mabwepande. Hospitali ya Taifa Muhimbili, pamoja na taasisi za mifupa na moyo zilizo jirani nayo, zimebaki Upanga. Kwa mgonjwa wa Chamazi anayehitaji upasuaji wa dharura usiku, au majeruhi wa pikipiki aliyeanguka Bunju saa kumi na moja jioni, umbali wa kumfikia daktari bingwa haupimwi kwa kilometa pekee. Hupimwa pia kwa foleni ya Barabara ya Kilwa au ya Bagamoyo, kwa tope la njia za mitaani wakati wa masika, na kwa muda unaopotea familia ikitafuta usafiri.

Katika muda huo mgonjwa anaendelea kupumua vizuri au vibaya, damu inaendelea kutoka au imezuiwa, na ubongo unapata oksijeni au unaikosa. Gari likiwa na kasi bila mtu mwenye ujuzi ndani yake, linabaki kuwa chombo cha usafiri. Linakuwa sehemu ya matibabu pale tu nyuma ya dereva anapokuwapo mtu anayejua la kutazama, la kutenda na la kuacha. Mtu huyo ni mtoa huduma za dharura kabla ya hospitali, ambaye katika nchi nyingi huitwa paramediki. Makala haya yanaeleza anavyoandaliwa, na kwa nini maandalizi hayo yanamhusu kila mkazi wa Temeke na Kinondoni.

Fani iliyozaliwa mitaani

Fani hii ni changa kuliko watu wengi wanavyodhani. Hadi miaka ya 1960, katika miji mingi ya Marekani wagonjwa wa dharura walibebwa na magari ya polisi au ya kampuni za mazishi. Waliowabeba hawakuwa na mafunzo ya tiba. Kazi yao ilikuwa kumnyanyua mgonjwa, kumlaza na kuendesha gari kwa kasi. Hali hiyo haiko mbali sana na inayoonekana leo Dar es Salaam, ambako majeruhi wengi hufikishwa hospitalini kwa bajaji, teksi, pikapu au gari la polisi, wakiwa wamebebwa na wasamaria wema.

Mwaka 1967, katika jiji la Pittsburgh, ulianzishwa mradi wa magari ya wagonjwa ulioitwa Freedom House. Mwasisi wake wa kitaalamu alikuwa Dkt. Peter Safar, daktari wa usingizi anayekumbukwa kwa mchango wake katika mbinu za kufufua mtu aliyeacha kupumua. Waliochaguliwa kufundishwa walikuwa vijana weusi kutoka mtaa wa watu maskini, wengi wao wakiwa hawana ajira. Walipewa mafunzo ya takribani saa 300: anatomia, huduma ya kwanza, ufufuaji, uuguzi na uendeshaji salama wa gari. Jamii iliyokuwa ikiwatazama kama watu wasio na mbele wala nyuma ilishuhudia wakiokoa maisha barabarani.

Katikati ya miaka ya 1970, msimamizi wa kitabibu wa mradi huo alikuwa Dkt. Nancy Caroline. Ndiye aliyeandaa mtaala wa kwanza wa kitaifa wa mafunzo ya paramediki nchini Marekani. Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulikumbuka jina lake, kwani katika miaka ya 1980 alifanya kazi Nairobi na shirika la AMREF, ambalo madaktari wake wa ndege walikuwa wakihudumia maeneo ya mbali ya ukanda huu tangu mwaka 1957. Historia hiyo inathibitisha kwamba ujuzi wa kuokoa maisha nje ya hospitali si mali ya madaktari peke yao. Unaweza kufundishwa kwa kijana wa mtaani, mradi mafunzo yawe ya kweli, yapimwe, na yasimamiwe na wataalamu.

Hatua tano zisizorukwa

Mtu akiuliza paramediki hufundishwa nini, jibu la kwanza ni mpangilio. Methali ya haraka haraka haina baraka ina maana ya pekee katika kazi hii. Anayekimbilia jeraha linalotisha macho anaweza kuacha bila kuona kwamba mgonjwa ameziba njia ya hewa. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi hufundishwa kumkagua kila mgonjwa kwa hatua tano, kwa utaratibu uleule, mchana na usiku, bila kujali mgonjwa ni nani wala amepatwa na nini.

Hatua ya kwanza ni njia ya hewa. Je, iko wazi? Je, kuna matapishi, damu, meno yaliyong'oka au ulimi ulioanguka nyuma? Kwa mtu aliyeumia, mwanafunzi hujifunza kusukuma taya la chini kwenda mbele bila kupinda shingo, kwa sababu uti wa mgongo huenda umejeruhiwa. Hatua ya pili ni upumuaji: kuhesabu pumzi, kutazama kama pande zote mbili za kifua zinapanda sawa, kusikiliza mapafu, kutoa oksijeni, na kumpumulisha kwa mfuko yule asiyepumua vya kutosha.

Hatua ya tatu ni mzunguko wa damu. Hapa hutafutwa damu inayotoka, mapigo ya moyo, ubaridi wa mikono na miguu, na dalili za mshtuko. Mwanafunzi hujifunza kwamba mfupa wa paja ukivunjika, zaidi ya lita moja ya damu inaweza kujificha ndani ya paja bila tone kuonekana nje. Hatua ya nne ni ufahamu: mgonjwa yu macho, anaitika akiitwa, anaitika akiumizwa tu, au haitiki kabisa? Katika hatua hii hupimwa pia sukari ya damu, kwa kuwa sukari iliyoshuka huweza kumfanya mtu aonekane mlevi, mwenye kiharusi au mwenye malaria kali. Hatua ya tano ni kumfunua mgonjwa na kumkagua mwili mzima, mbele na nyuma, kisha kumfunika ili asipoteze joto na heshima yake.

Kila tatizo linalogunduliwa hushughulikiwa kabla ya kwenda hatua inayofuata, na hali ikibadilika, mtoa huduma huanza tena mwanzo. Mgonjwa aliye katika hali mbaya hukaguliwa upya kila baada ya dakika 5. Safari ya dakika 50 kutoka Mbande hadi Upanga, kwa hesabu hiyo, ina ukaguzi usiopungua mara tisa. Hakuna muda wa kuketi na kutazama dirishani.

Darasani, maabara na barabarani

Mafunzo kamili hugawanyika katika sehemu tatu. Ya kwanza ni nadharia: anatomia na fiziolojia, dawa na vipimo vyake, magonjwa ya moyo na mapafu, kiharusi, kisukari, dharura za uzazi na za watoto, sumu, kuumwa na nyoka, kuungua, na afya ya akili. Ya pili ni mazoezi ya vitendo katika maabara ya ujuzi. Mwanafunzi hubonyeza kifua cha sanamu mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimeta 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mpaka mikono yake izoee. Huvua kofia ngumu ya mwendesha pikipiki kwa msaada wa mwenzake, mmoja akishika kichwa na shingo visitikisike. Hufunga vibanzi, huweka sindano ya mshipa, na hukokotoa iwapo oksijeni iliyobaki katika mtungi itatosha mpaka mwisho wa safari.

Sehemu ya tatu ni zamu halisi katika idara ya dharura, wodi ya wazazi, chumba cha upasuaji na ndani ya gari la wagonjwa, chini ya msimamizi. Hapo ndipo mwanafunzi hugundua kwamba kupima shinikizo la damu katika gari linalorukaruka barabarani si sawa na kulipima darasani, na kwamba ndugu wanaolia pembeni ya machela nao wanahitaji kuhudumiwa kwa maneno ya utulivu.

Urefu wa mafunzo hutofautiana kulingana na ngazi. Marekani, mhudumu wa ngazi ya msingi husoma takribani saa 150 hadi 200, ilhali paramediki husoma zaidi ya saa 1,000. Uingereza, tangu mwaka 2021, anayetaka kusajiliwa kuwa paramediki hutakiwa kuwa na shahada. Afrika Kusini ina shahada ya miaka minne ya huduma za dharura. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haki ya namna hiyo haiwezi kutimizwa bila kuwapo watu waliofundishwa kuitekeleza.

Mama aliyetoka kujifungua

Thamani ya mafunzo haya huonekana vizuri zaidi kwa mfano. Chukulia mama aliyejifungua saa nane usiku katika kituo cha afya pembezoni mwa Temeke. Kondo la nyuma limetoka, lakini damu haikomi. Daktari wa zamu anaandika rufaa, na gari linawasha taa. Kuanzia hapo kuna safari mbili zinazowezekana.

Katika safari ya kwanza, mama amelazwa nyuma akiwa na dada yake tu. Hakuna anayegusa tumbo lake wala kuhesabu mapigo ya moyo. Kibofu kimejaa, na mji wa mimba umelegea. Akifika hospitalini, wahudumu wanaanza kutafuta mshipa ambao umekwisha kunywea, na damu ya kuongezewa bado haijaandaliwa kwa sababu hakuna aliyepiga simu.

Katika safari ya pili, kabla gari halijaondoka, mama amepewa oksitosini, kibofu kimetolewa mkojo, na sindano mbili kubwa zimewekwa mishipani. Amepewa gramu 1 ya asidi ya traneksamiki. Utafiti wa WOMAN uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha wanawake zaidi ya 20,000 katika nchi 21, Tanzania ikiwamo, ulionesha kwamba dawa hiyo ikitolewa ndani ya saa 3 baada ya kujifungua, hupunguza vifo vitokanavyo na kutoka damu kwa karibu theluthi moja. Njiani, mhudumu anasugua mji wa mimba, anamfunika mama asipate baridi, anarudia vipimo, na anapiga simu kwenye hospitali inayompokea kueleza kundi la damu la mama, iwapo linajulikana.

Gari ni lilelile na barabara ni ileile. Tofauti ya safari hizi mbili ni mtu mmoja na mafunzo yake.

Kupokezana bila kupoteza habari

Somo ambalo wanafunzi wengi hulidharau mwanzoni ni la kukabidhi mgonjwa. Habari za mgonjwa nazo hupotea njiani, kama damu inavyopotea. Mtoa huduma hufundishwa kueleza mambo manne kwa ufupi: hali ya mgonjwa sasa, historia yake, tathmini yake mwenyewe, na anachoshauri kifanyike. Kabla ya hapo amekwisha kuuliza kuhusu dalili, mzio, dawa anazotumia mgonjwa, magonjwa ya zamani, mlo wa mwisho na jinsi tukio lilivyotokea. Mgonjwa akipoteza fahamu baadaye, majibu hayo huwa ndiyo sauti yake.

Sheria na maadili nayo yana nafasi katika mtaala. Mwanafunzi hujifunza kuomba ridhaa, kutunza siri na kutopiga picha majeruhi. Hujifunza pia kwamba fomu ya polisi, maarufu kama PF3, ina kazi yake katika uchunguzi wa ajali na mashambulio, lakini kubana mshipa unaovuja au kufungua njia ya hewa hakungoji karatasi. Dereva naye hufundishwa kwamba king'ora huomba njia. Hakimpi ruhusa ya kusababisha ajali nyingine.

Lipo pia somo la maafa. Aprili 29, 2009, mabomu yalilipuka katika ghala la jeshi Mbagala. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha na mamia walijeruhiwa. Februari 16, 2011, milipuko kama hiyo ilitokea Gongo la Mboto. Siku kama hizo, anayepiga kelele zaidi si lazima awe ndiye aliye hatarini zaidi. Mtoa huduma aliyefundishwa huwagawa majeruhi kwa rangi: nyekundu kwa anayehitaji msaada sasa hivi, njano kwa anayeweza kusubiri kidogo, kijani kwa anayeweza kutembea, na nyeusi kwa aliyefariki au asiyeweza tena kusaidiwa. Ni uamuzi mzito kimaadili, na ndiyo sababu hufanyiwa mazoezi kabla ya siku yenyewe kufika.

Tanzania imefika wapi

Msingi wa huduma za dharura nchini umejengwa hatua kwa hatua. Januari 2010, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura, ya kwanza ya aina yake katika hospitali ya umma nchini. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianza kufundisha shahada ya uzamili ya tiba ya dharura, na wahitimu wa kwanza walipatikana mwaka 2013. Madaktari hao ndio walimu wa wauguzi, matabibu na wahudumu wanaofuata.

Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu zilichapisha kozi ya huduma za msingi za dharura. Kabla ya kuchapishwa ilikuwa imefanyiwa majaribio katika nchi tatu, Tanzania ikiwa mojawapo pamoja na Uganda na Zambia. Kozi hiyo ya siku 5 hufundisha hatua tano zilizoelezwa juu, kisha majeraha, shida ya kupumua, mshtuko na kubadilika kwa ufahamu. Imeandikwa kwa ajili ya muuguzi na tabibu wa kituo ambacho hakina mashine nyingi, yaani vituo kama vingi vilivyo pembezoni mwa jiji.

Mfumo wa m-mama, uliojaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga na kuanza kusambazwa nchi nzima na serikali mwaka 2022, huunganisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga na usafiri wa dharura kupitia namba 115. Pale gari la wagonjwa linapokosekana, hutumika madereva wa jamii waliosajiliwa. Aidha, sehemu ya shilingi trilioni 1.3 zilizopatikana mwaka 2021 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19, zilijenga majengo ya huduma za dharura katika hospitali nyingi na kununua magari ya wagonjwa.

Majengo yapo, na magari yameongezeka. Kiungo ambacho bado ni dhaifu ni yule anayeketi nyuma. Mara nyingi nafasi hiyo hujazwa na muuguzi wa kituo kinachotoa rufaa, ambaye huacha wodi yake na kusafiri na mgonjwa mmoja huku wengine wakibaki na mhudumu pungufu. Wakati mwingine hajapata mafunzo mahususi ya kumhudumia mgonjwa garini. Kinachohitajika ni ngazi za mafunzo zinazoeleweka: dereva na askari wa usalama barabarani wajue kuzuia damu na kufungua njia ya hewa, wauguzi wanaosindikiza wagonjwa wapitie kozi ya msingi na kuirudia mara kwa mara, kwani ujuzi wa mikono hufifia usipotumika, na paramediki wa kudumu wawe na mtaala, usajili, muundo wa ajira na njia ya kupanda cheo. Kijana hawezi kutumia miaka yake kusomea kazi ambayo haina jina katika orodha ya ajira.

Kwa mtumishi na kwa mgonjwa

Mtumishi wa kituo cha afya hahitaji kusubiri hayo yote yakamilike. Kabla ya kuruhusu gari liondoke, ahakikishe mambo matano: njia ya hewa ya mgonjwa ni salama, oksijeni inatosha safari nzima, sindano ya mshipa imewekwa na inafanya kazi, hospitali inayopokea imepigiwa simu na imekubali, na anayesindikiza anajua afanye nini mgonjwa akibadilika njiani.

Mgonjwa na ndugu zake nao wana sehemu yao. Namba 115 ni ya dharura za uzazi na watoto wachanga, 114 ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na 112 ni ya polisi. Damu ikitoka, ibanwe kwa kitambaa safi na mkono usiondolewe kila mara kuchungulia. Mtu aliyepoteza fahamu lakini anapumua, na ambaye hakuumia, alazwe ubavu. Mtoto mwenye degedege asiwekewe kijiko wala kidole mdomoni. Majeruhi wa ajali asinyanyuliwe kwa kuvutwa mikono na miguu. Asogezwe na watu kadhaa kwa pamoja, kichwa na shingo vikiwa vimeshikwa. Dawa na kadi za kliniki ziende pamoja na mgonjwa.

Na gari likiwa tayari kuondoka, ndugu ana haki ya kuuliza kwa upole: nani anamsindikiza mgonjwa wetu, na amefundishwa nini? Swali hilo halina dharau ndani yake. Likiulizwa Mbagala, Bunju na Kigamboni, na likajibiwa kwa ukweli kila linapoulizwa, litawaonesha wapangaji wa huduma mahali ambapo mafunzo yanahitajika kwanza.